Shayiri na Mlango Mmoja wa Soko

Shayiri ni miongoni mwa nafaka za kale kabisa zilizolimwa na mwanadamu. Ilianza kupandwa katika nchi za Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, na jina lake katika Kiswahili latokana na Kiarabu. Katika milima ya Uhabeshi ni chakula cha tangu enzi: wenyeji huifanya mkate, hukaanga punje zake, huipikia pombe, kisha ziada huipeleka sokoni.

Nchini Kenya biashara ya shayiri ilishika njia nyingine. Kampuni ya bia iliundwa mwaka 1922, na nafaka hii ikawa zao la kulisha kiwanda, si nyumba. Ilistawi katika mashamba ya walowezi. Na baada ya Uhuru wa 1963 ikawa pia mali ya wakulima Waafrika. Mau Narok, Molo na Timau ni nchi za baridi zenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, nazo huipenda.

Basi udongo si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kimea. Ili kupata kimea, punje hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa. Kwa hiyo punje iliyokufa haifai. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, punje huchipua masukeni. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, protini huzidi pia, na kiwanda huikataa. Shayiri iliyokataliwa huwa chakula cha mifugo kwa bei ya chini, ingawa gharama ya trekta, mbegu na dawa ya kutu ya majani ni ile ile.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2020, baa zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, ilidhihirika kwamba msiba wa mnywaji wa mjini ni msiba wa mkulima wa mlimani.

Walakini matumaini yapo. Shayiri hukomaa mapema kuliko ngano, na yaweza kupokezana shamba na viazi au kunde. Unga wake wafaa kwa uji na mkate, na punje zake kwa ng'ombe wa maziwa. Mhabeshi hakuwa na ardhi bora kuliko ya Mau. Alikuwa na njia nyingi za kuitumia nafaka yake. Mkulima wa Kenya akizipata njia hizo, ataweza kujadili bei na kiwanda badala ya kuipokea tu.