Songo Mnara na Kimya Chake

Kwa mkazi wa Nambambo, Nachingwea, bahari huishia sokoni, kwenye ng'onda na dagaa walioletwa na lori kutoka pwani. Akitamani kisiwa kitulivu cha kuvua, kuzamia na kupumzika ufukweni, si lazima awaze Shelisheli. Afike Kilwa Masoko, apande chombo, avuke hadi Songo Mnara.

Ila ajue kwamba kimya atakachokikuta kina historia yake. Pale palikuwa mjini. Tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16 palikuwa na nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti na ukuta. Jirani yake, Kilwa Kisiwani, ilikuwa imeshika biashara ya dhahabu ya bandari ya Sofala, kusini zaidi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye wanahistoria humtaja kuwa ndiye mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya genge la bahari, lenye birika la pembe nane.

Anayezamia leo kutazama matumbawe anafuata njia ya waashi wa Songo Mnara. Kuta walizijenga kwa mawe magumu ya matumbawe ya kale, yaliyochimbwa nchi kavu. Kwa mihrabu na miimo ya milango walitaka tumbawe hai, wakalikata mwambani chini ya maji. Tumbawe bichi ni laini, huchongeka vizuri, nalo likishakauka huwa gumu. Sogeza uso karibu na mwimo wa mlango: vitundu vya viumbe vidogo vya baharini vilivyolijenga tumbawe bado vinaonekana, vimesongamana katikati ya nakshi. Chokaa ya kupigia lipu nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Mji mzima ulitoka baharini.

Wareno waliishambulia Kilwa mwaka 1505, biashara ikavurugika, na Songo Mnara ikahamwa. Kilwa yenyewe iliinuka tena karne ya 18, safari hii kwa biashara ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao hawakuwa wa visiwani. Walitembezwa kwa miguu kutoka bara, hata kutoka pande za Ziwa Nyasa. Ndiyo maana nasema mtu wa Nachingwea haendi kule kama mgeni mtupu: historia ile ni yake pia, na sehemu yake chungu zaidi ilitoka huku kwetu bara. Katika karne ya 19 biashara ilihamia Kilwa Kivinje, ng'ambo ya bara, na Kisiwani pakabaki kijiji cha wavuvi.

UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na bahari ilikuwa miongoni mwa sababu: mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuta zilizo kando yake. Yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Songo Mnara mikoko imetanda mbele ya magofu, na maji yakiwa yamekupwa utashuka chomboni na kutembea topeni. Usinung'unike, mikoko hiyo huvunja nguvu ya mawimbi. Kibali kichukue Masoko kabla ya kuvuka, na umuulize nahodha saa ya maji kujaa.