Ini, Kivuli na Muda

Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, mifupa ilifichuka, lakini ini lilibaki kivuli kimoja: uvimbe na nyama inayouzunguka vilionekana kwa rangi ile ile. Siti skani, iliyompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na MRI iliyofuata, husifiwa kwa ukali wa picha. Hata hivyo, kilicholeta ufumbuzi hasa ni muda. Dawa ya kung'arisha ikidungwa mshipani, picha hupigwa kwa awamu, kadiri damu inavyoingia na kutoka. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, huanza kung'aa pembezoni kwa vinundu, kisha mng'ao husogea taratibu kuelekea kati. Uvimbe uitwao FNH, nao si saratani, hung'aa mapema karibu wote, isipokuwa kovu la katikati, ambalo mara nyingi hung'aa baadaye.

Wapo watakaosema uhakika hupatikana kwa hadubini tu, baada ya kuchukua kinyama cha uvimbe. Ni kweli pale picha zinapogongana, kwani adenoma, uvimbe adimu usio saratani, huweza kufanana na saratani. Lakini sindano ndani ya uvimbe uliojaa damu ina hatari ya kuvujisha damu, na kinyama kidogo huweza kuikosa sehemu yenye jibu. Kwa hiyo picha hazikuifukuza hadubini. Zimeifanya kuwa hatua ya mwisho badala ya kuwa ya kwanza. Aliyeambiwa ana uvimbe kwenye ini asikimbilie kisu; aulize kwanza picha zake zilipigwa kwa awamu ngapi.