Mtungi wa Kuzimia Moto: Uchaguzi na Matumizi Yake Magole, Wilaya ya Kilosa

Mtungi wa kuzimia moto ni chombo cha chuma chenye maji, povu, unga mkavu au gesi iliyoshindiliwa, ambacho mtu mmoja aweza kukibeba ili auzime moto ungali mdogo. Wa mwanzo unaofanana na mitungi ya leo ulitengenezwa na Kapteni George William Manby wa Uingereza miaka ya 1810: chombo cha shaba kilichojaa maji ya potashi yaliyosukumwa na hewa.

Magole ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kwenye barabara kuu iendayo Dodoma, pale njia ya Turiani inapochepuka jirani na mji mdogo wa Dumila. Gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likitoka Morogoro mjini lina zaidi ya kilomita 60 za kukimbia. Hata dereva akiukanyaga mwendo, banda la mbao au nyumba ya nyasi haiwezi kumngojea. Ndiyo sababu namba 114 inapaswa kupigwa mara moja, na wakati huohuo aliye karibu aanze kazi. Aina ya mtungi alionao ndiyo itakayoamua kama atauzima moto au atauchochea.

Moto gani, mtungi gani

Moto hugawanywa kwa kitu kinachoungua. Kundi A ni vitu vigumu: mbao, magunia, nguo, karatasi, nyasi. Kundi B ni vimiminika kama petroli, dizeli, mafuta ya taa na rangi. Kundi C ni gesi, D ni metali, na F ni mafuta ya kupikia. Herufi hizi ni za mfumo wa Ulaya, na hapo pana mtego kwa mnunuzi: kwenye mtungi uliotengenezwa kwa mfumo wa Marekani, C humaanisha moto wa umeme, na mafuta ya kupikia hupewa herufi K. Kwa kuwa mitungi ya mifumo yote miwili huuzwa, ni salama zaidi kutazama picha zilizochorwa kwenye lebo kuliko kutegemea herufi. Mitungi mingi iliyoundwa kwa kiwango cha Uingereza ni myekundu, ikiwa na mkanda wa rangi unaotaja kilichomo: krimu kwa povu, buluu kwa unga, nyeusi kwa gesi ya kabonidayoksaidi, njano kwa kemikali ya mafuta ya kupikia. Mwekundu mtupu ni wa maji.

Maji hupoza, na kwa moto wa kundi A hayana mshindani. Wilaya ya Kilosa ni nchi ya mkonge tangu enzi za Wajerumani, na robota la mkonge ni mfano mzuri wa moto usiotaka unga. Unga huua ndimi za moto juu, watu wakashangilia, huku ndani ya robota nyuzi zikiendelea kufukuta hadi moto uzuke upya. Vivyo hivyo kwa godoro, gunia la pumba na rundo la mabua. Penye vitu hivi unga unaweza kutangulia, lakini lazima maji yafuate.

Maji hayohayo ni hatari kwenye mafuta. Katika vibanda vya mama lishe na vya chipsi pale Dumila, karai la mafuta hukaa juu ya moto tangu asubuhi, na yakipita kiwango cha joto lake huwaka yenyewe bila kuguswa na mwali. Tone la maji likizama humo hugeuka mvuke wenye ujazo wa takriban mara 1,700 ya maji yaliyoingia, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye dari na kwenye uso wa mpishi. Mtungi sahihi hapa ni wa kemikali ya majimaji wenye mkanda wa njano, kwa sababu dawa yake hugeuza uso wa mafuta kuwa tabaka la sabuni lililoziba hewa. Kwa bahati mbaya mtungi huo ni adimu kwenye miji midogo. Asiye nao azime jiko, asukumizie karai mfuniko wa chuma au blanketi la kuzimia moto, kisha aliache hadi lipoe kabisa. Kufunua mapema kuchungulia ni kuualika moto urudi. Mtungi wa unga ukipulizwa kwa karibu nao unaweza kuyarusha mafuta nje ya karai.

Unga mkavu wa ABC ndio unaopatikana zaidi madukani, na kama duka au nyumba ya Magole ina uwezo wa kununua mtungi mmoja tu, mwandishi huyu anashauri uwe huo, wa kilo 6. Unafaa kwa mbao, petroli na vifaa vya umeme. Kasoro zake zijulikane: haupozi, unaziba macho na pumzi ndani ya chumba kidogo, na unga wake huharibu mota na vifaa vya elektroniki. Kwenye mashine za kusaga na kukoboa kuna tahadhari ya ziada. Vumbi la unga wa nafaka lililotua kwenye kenchi likitimuliwa na mpulizo wenye nguvu huwa wingu, na wingu la vumbi la nafaka hulipuka likigusana na moto. Swichi kuu izimwe kwanza, moto upulizwe kutoka mbali, na vumbi lifagiliwe kila siku.

Kabonidayoksaidi ndiyo gesi ya ofisi, zahanati na vibanda vyenye kompyuta na betri za sola, kwa kuwa haiachi uchafu. Huufukuza moto kwa kuondoa oksijeni, basi chumba kidogo kilichofungwa huwa hatari kwa mzimaji pia. Pembe inayotoa gesi huwa baridi kiasi cha kuunguza ngozi, hivyo isishikwe kwa mkono mtupu. Nje, penye upepo, gesi hiyo hupeperuka kabla ya kufanya kazi.

Gesi ya kupikia na petroli

Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024, na Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imeingia jikoni kwa kasi, na elimu ya moto wake inapaswa kuingia nayo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya mabondeni. Ikiwaka kwenye mdomo wa mtungi, dawa ya kwanza ni kufunga valvu kama inafikika. Kuzima mwali bila kuweza kufunga valvu ni kosa baya, maana gesi itaendelea kutoka bila kuonekana, ijaze chumba, kisha ipate cheche. Valvu isipofikika, watu waondoke na jirani aonywe.

Petroli huuzwa kwa chupa za maji kwa ajili ya bodaboda, mara nyingi hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa. Unga au povu huzima moto wa chupa iliyomwagika. Lori la mafuta ni jambo jingine. Barabara ya Magole huanzia Msamvu, Morogoro, na hapo Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 lori lilipinduka, watu wakajaa kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Hakuna mtungi wa kubebwa na mtu unaotosha mbele ya tukio kama hilo. Kinachookoa maisha ni kukaa mbali.

Mtungi hauna kazi pia kwenye moto wa nyika, unaozuka kila kiangazi mashamba yanapochomwa. Huo huzuiliwa kwa mikuza iliyolimwa mapema, matawi mabichi na watu wengi. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, hupakana na ardhi za vijiji, na moto wa shamba hauheshimu mpaka.

Kuutumia

Simama mlango ukiwa nyuma yako, upepo ukiwa mgongoni. Vuta pini, elekeza mdomo kwenye shina la moto, bana kishikio, kisha fagia kushoto na kulia. Anza umbali wa kama mita tatu, usogee kadiri mwali unavyopungua. Mtungi wa kilo 6 huisha kwa takriban sekunde 15, na ule wa kilo 1 unaobebwa kwenye magari huisha kwa sekunde zisizozidi 10. Gari linapofuka moshi boneti isifunuliwe yote, kwani hewa itaingia kwa wingi. Ifunguliwe kidogo tu, unga upulizwe kupitia mwanya huo. Mtungi ukiisha na moto bado upo, ondoka.

Mtungi utundikwe karibu na mlango, si juu ya jiko, wala juani. Mshale wa geji ukae kwenye kijani. Mtungi wa kabonidayoksaidi hauna geji, hivyo hupimwa kwa mizani, na ukipoteza sehemu ya kumi ya gesi yake hujazwa upya. Ule wa gari hutikiswa na barabara mpaka unga unagandamana chini; ugeuzwe kichwa chini na kutikiswa mara kwa mara. Mtungi uliofunguliwa, hata kwa sekunde mbili, upelekwe kujazwa, kwa sababu chembe za unga hubaki kwenye valvu na presha huvuja. Fundi aujaze unga wa aina ileile: unga wa ABC ukichanganywa na ule wa bikaboneti hutoa gesi ndani ya chuma kilichofungwa, na mtungi unaweza kupasuka.