Maharamia wa Vitabu na Mkataba wa Bern

Charles Dickens aliposhuka marikebuni mjini Boston, Januari 1842, Wamarekani walimlaki kwa taadhima na karamu ambazo aghalabu huandaliwa wafalme. Lakini mara alipothubutu, katika karamu hizo hizo, kutaja kwamba vitabu vyake vyachapwa nchini humo bila yeye kupata ujira wa haki, magazeti yalimgeukia kwa ghadhabu, yakamshutumu kwa tamaa ya fedha. Na kwa mujibu wa sheria hakuwa na la kudai, kwani sheria ya Marekani tangu 1790 ilimlinda mwandishi aliye raia au mkazi, na kwa habari ya mgeni ilitamka bayana kuwa kukichapa kitabu chake si kosa. Ndipo wapiga chapa wa New York na Philadelphia wakawa wakizingojea marikebu za Uingereza kwa shauku, wakishindana nani ataitoa riwaya mpya kwanza, na kwa bei ya senti chache.

Walioumia zaidi, ajabu yake, walikuwa waandishi wa Marekani wenyewe, maana ni nani atakayemlipa mtunzi wa nyumbani hali wa ng'ambo apatikana bure? Harriet Beecher Stowe alionja dhulma hiyo pande zote mbili: kitabu chake juu ya utumwa, kilichotoka 1852, kilichapwa ovyo Uingereza, na mwaka uliofuata alipomshtaki huko Philadelphia mtu aliyekichapa kwa Kijerumani pasipo idhini, mahakama iliamua kuwa tafsiri si nakala, hivyo mshtakiwa hana hatia. Hoja hiyo tutakutana nayo tena.

Ulaya ilikuwa imekwisha kuchoka na uharamia huo. Chama cha waandishi alichokiasisi Victor Hugo mjini Paris mwaka 1878 ndicho kilichosukuma shauri la kuwalinda waandishi nje ya mipaka ya nchi zao hadi mataifa kumi yalipotia saini Mkataba wa Bern, Septemba 1886, nazo Haiti, Liberia na Tunisia zikiwamo. Marekani ilihudhuria, ikatazama, ikaenda zake. Ilianza kuwalinda wageni mwaka 1891, tena kwa sharti kwamba kitabu kipigwe chapa nchini Marekani, na katika Mkataba wa Bern haikuingia mpaka 1989, ilipokuwa imekwisha kuwa muuzaji mkubwa wa vitabu, filamu na programu. Insafu ya mataifa katika jambo hili, kwa maoni yangu, hufuata biashara.

Sasa zimekuja kampuni za akili mnemba, aghalabu za Marekani, zikidai kuwa mashine iliyojifunza kwa mamilioni ya vitabu haikunakili bali imezalisha kitu kingine. Juni 2025 Jaji William Alsup wa San Francisco alikubali kwamba kuifundisha mashine kwa vitabu vilivyonunuliwa ni halali, lakini akakataa kuhalalisha maktaba ya vitabu vya wizi. Na kampuni ya Anthropic, iliyoshtakiwa katika kesi hiyo, ikaridhia kulipa dola bilioni 1.5.

Mkataba wa Bern, tangu marekebisho ya Berlin ya 1908, wakataza kumdai mwandishi wa ng'ambo usajili wowote ndipo alindwe. Hata hivyo malipo hayo yalihusu vitabu vilivyosajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani peke yake. Kitabu kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam kisichosajiliwa huko, hata kama kilikuwamo katika maktaba ile ya wizi, mwandishi wake hakuhesabiwa.