Neil Young Ako na Albamu Zaidi ya 40: Anzia Hapa Usipotee

Msee akikuambia "skiza Neil Young" halafu akuache hapo, ni kama amekutuma Gikomba bila kukuambia unaenda kununua nini. Huyu mzee ametoa albamu za studio zaidi ya 40 tangu 1968. Hapo hujahesabu za live, zile alirekodi akazifungia kabatini miaka mingi, na zile alifanya na vikundi vingine. Ukichagua kwa kubahatisha unaweza kuangukia sauti ya roboti, rokenroli ya kizamani, ama dakika 35 za gita likipiga kelele bila wimbo wowote. Utasema jamaa amepewa sifa za bure, umhepe, na basi.

Hiyo ingekuwa hasara kwako. Kwa hivyo hii hapa njia, hatua kwa hatua. Huhitaji kuskiza zote 40. Albamu sita au saba zikupate vizuri, zingine utazitafuta mwenyewe.

Kwanza, huyu ni nani?

Neil Young alizaliwa Toronto, Canada, tarehe 12 Novemba 1945. Akiwa na miaka mitano alishikwa na polio, akapona. Mwaka wa 1966 aliingia Los Angeles akiendesha gari kuukuu la kubebea maiti, na si kwa mzaha, ndilo gari alikuwa nalo. Huko wakaunda Buffalo Springfield na Stephen Stills. Kikundi kilivunjika 1968, akaanza kazi yake ya peke yake. Baadaye pia aliimba na Crosby, Stills & Nash, na albamu yao ya *Déjà Vu* (1970) iliuza vibaya sana, yaani vizuri.

Kitu cha kujua mapema ni sauti yake. Ni nyembamba, iko juu, na inatetemeka kama mtu anayejikaza asilie. Wasee wengi huikataa siku ya kwanza. Ipe siku tatu kabla hujatoa hukumu.

Cha pili ni kwamba Neil Young ni wawili. Kuna Neil wa gita kavu, harmonika na piano, mpole kabisa. Halafu kuna Neil wa gita la stima, Les Paul nyeusi ya 1953 anayoiita Old Black, akiwa na bendi ya Crazy Horse nyuma yake, wakichapa ngoma moja dakika kumi. Watu hupenda kukuuliza unamtaka yupi. Hilo swali lina makosa. Lazima uwaskize wote wawili, kwa sababu kuna msiba uliotokea katikati yao, na bila kuujua huo msiba nusu ya hizi albamu hazitakuingia.

Hatua ya kwanza: *Harvest* (1972)

Enyewe, mashabiki sugu watakucheka ukianzia hapa. Walenge. Kama ulikulia kwa boma ambako Jumapili ilikuwa ni Jim Reeves na Kenny Rogers mpaka chakula cha mchana, masikio yako tayari yamefunzwa. *Harvest* ilirekodiwa sehemu kubwa Nashville, mji wa muziki wa country, na unaskia gita la slaidi likilia pale nyuma venye unalijua.

Ndani kuna "Heart of Gold", ngoma yake ya pekee iliyofika namba moja Marekani. Sauti za nyuma ni za Linda Ronstadt na James Taylor. "Old Man" aliiandika akiwa kijana wa miaka ya ishirini, baada ya kununua shamba California na kukutana na mzee aliyekuwa akilitunza. Kijana anamwangalia mzee na kugundua kwamba mahitaji yao yanafanana. Hata London Symphony Orchestra iko humu, kwa nyimbo mbili, na hapo kidogo walizidisha chumvi.

Lakini nataka usimame kwa ngoma moja fupi, kama dakika mbili tu: "The Needle and the Damage Done". Ilirekodiwa live, yeye na gita lake. Ni kuhusu heroini na wasanii iliowamaliza. Iskize, halafu ushike jina hili: Danny Whitten.

Hatua ya pili: *Everybody Knows This Is Nowhere* (1969)

Sasa rudi nyuma miaka mitatu. Hii ndiyo albamu ya kwanza na Crazy Horse: Billy Talbot kwa bezi, Ralph Molina kwa drami, na Danny Whitten kwa gita la pili na sauti. Neil mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa kitandani na homa kali alipoandika ngoma tatu kubwa za hii albamu siku moja: "Cinnamon Girl", "Down by the River" na "Cowgirl in the Sand".

Hizo mbili za mwisho zinapita dakika tisa kila moja. Usiogope. Hawa si mafundi wa mbio. Crazy Horse wanapiga pole, wazito, kama wanasukuma mkokoteni mlimani, na Neil anakaa kwa noti moja akiichokoza mpaka iongee. Weka hedfoni uskize magita mawili yakijibizana, moja upande huu na lingine upande ule. Hilo la pili ni la Danny. Wakiimba "Cinnamon Girl" pamoja, sauti ya juu pia ni ya Danny.

Na kama unadhani humjui Danny Whitten, unamjua. "I Don't Want to Talk About It", ile ya Rod Stewart ambayo imepigwa kwa redio zetu mpaka ikachakaa, ni Danny aliyeiandika.

Ukimaliza hapo, ongeza *After the Gold Rush* (1970). Hiyo ndiyo Neil wote wawili wanakutana kwa albamu moja bila kugombana, na kama ningelazimishwa kumpa mtu moja tu, ningempa hiyo.

Hatua ya tatu: mtaroni

Novemba 1972. *Harvest* imeuza kuliko albamu yoyote ile Marekani mwaka huo. Neil anaandaa ziara kubwa na anamwita Danny aje mazoezini, akitumaini kazi itamtoa kwa dawa. Danny anakuja lakini hawezi kushika nyimbo. Neil anampa tikiti ya ndege na dola 50, anamrudisha Los Angeles. Usiku wa siku hiyo hiyo, tarehe 18, Danny anakufa kwa kuzidisha dawa. Alikuwa na miaka 29. Neil amesema kwa miaka mingi kwamba alijiona ana lawama.

Miezi michache baadaye, Bruce Berry, jamaa aliyekuwa akibeba na kupanga vyombo vyao, naye akafa kwa heroini.

Hapa ndipo wasanii wengi wangetoa *Harvest* namba mbili, wachukue chapaa, wanyamaze. Neil alifanya kinyume. Baadaye aliandika kwamba "Heart of Gold" ilimweka katikati ya barabara, akaona huko kunaboesha, akaamua kuelekea mtaroni. Ndiyo maana mashabiki wanaziita albamu tatu zilizofuata za mtaroni: *Time Fades Away* (1973), *On the Beach* (1974) na *Tonight's the Night* (1975).

Anza na *Tonight's the Night*. Ilirekodiwa 1973, wengi wakiwa wamelewa tekila, usiku sana. Sauti ya Neil inapasuka, anakosa noti, anasogea mbali na maiki, na hakuna kilichorekebishwa. Ngoma ya kwanza inamtaja Bruce Berry kwa jina. Katikati wameweka rekodi ya zamani ya live ambapo Danny anaongoza kuimba, yaani marehemu anaingia kwa matanga yake mwenyewe. Kampuni ilikaa na hii kazi karibu miaka miwili. Ilitoka baada ya Neil kuwachezea marafiki albamu mbili usiku mmoja: hii, na nyingine laini iliyoitwa *Homegrown*. Rick Danko wa kikundi cha The Band akasema toa hii. *Homegrown* ikafungiwa mpaka 2020.

Kama umewahi kuzika rafiki wa rika lako, ambaye kila mtu aliona anaenda wapi na hakuna aliyejua la kufanya, hii albamu itakushika. Hakuna ushauri ndani yake wala "dawa ni mbaya, vijana". Ni watu wamekaa kwa chumba wakijaribu kupiga muziki usiku kucha kwa sababu kulala hawawezi.

*On the Beach* ni ya asubuhi inayofuata. Imetulia, imechoka, na upande wake wa pili unaenda polepole mpaka unasahau saa. Iliadimika sana: haikutoka kwa CD mpaka 2003.

Hatua ya nne: *Rust Never Sleeps* (1979)

Ukitoka mtaroni, jipe hii. Nusu ya kwanza ni gita kavu, nusu ya pili ni Crazy Horse kwa sauti ya kuvunja vioo. Ngoma inayofungua, "My My, Hey Hey", ndiyo inayofunga pia ikiwa imegeuzwa kuwa ya stima. Ni wimbo mmoja kwa nguo mbili, na sasa unajua kwa nini namba mbili ni nzito hivyo. "Powderfinger", kuhusu kijana anayebaki peke yake na bunduki huku boti ya maadui inakuja mtoni, ni stori kamili kwa dakika tano na nusu.

Mstari mmoja kutoka hii albamu ulitumiwa na Kurt Cobain wa Nirvana kwa barua yake ya mwisho, 1994. Ilimuumiza Neil sana. Mwaka huo huo akatoa *Sleeps with Angels*.

Pale pa kuruka kwanza: miaka ya 80

Hapa ndipo wengi hupotea. *Trans*, iliyotoka mwishoni mwa 1982, ina sauti ya roboti kwa nyimbo nyingi. Iliyofuata 1983, *Everybody's Rockin'*, ni rokenroli ya zamani isiyofika hata dakika 25. Kampuni ya Geffen ilimshtaki ikidai zaidi ya dola milioni 3 kwa sababu muziki wake haufanani na wa Neil Young. Soma tena hapo: Neil Young alishtakiwa kwa kutofanana na Neil Young.

Lakini *Trans* usiicheke. Mwanawe Ben alizaliwa na ugonjwa wa ubongo, hawezi kuongea. Neil alieleza baadaye kwamba ile sauti isiyoeleweka ilitoka kwa juhudi za kuwasiliana na mtoto wake. Iwache kwanza, halafu uirudie ukiwa umeshamzoea.

Hatua ya tano: mzee anarudi

*Freedom* (1989) ndiyo iliyomrudisha, na "Rockin' in the Free World" iko mara mbili, kavu mwanzo na stima mwisho, mchezo ule ule wa *Rust*. *Ragged Glory* (1990) ni Crazy Horse wakijipa raha. Halafu *Harvest Moon* (1992), miaka 20 baada ya *Harvest*, na Ronstadt na Taylor wamerudi kuimba. Ngoma yenye jina la albamu ni ya watu waliokaa pamoja muda mrefu na bado wanataka kudensi. Cheza hiyo kwa harusi, hakuna atakayekuuliza.

Ratiba fupi

Siku ya 1: *Harvest*.
Siku ya 2: *Everybody Knows This Is Nowhere*.
Siku ya 3: *After the Gold Rush*.
Siku ya 4: pumzika.
Siku ya 5: *Tonight's the Night*, usiku, ukiwa peke yako, bila kuruka ngoma.
Siku ya 6: *On the Beach*.
Siku ya 7: *Rust Never Sleeps*, kwa sauti ambayo jirani atalalamika.
Wiki inayofuata: *Freedom* na *Harvest Moon*.

*Decade* (1977) ni mkusanyiko wake mzuri wa ngoma 35, lakini uache mpaka umalize hizi, maana ngoma za mtaroni zikitolewa kwa albamu zao zinapoteza uzito. Na usisumbuke kutafuta mahali pa kumskiza: aliondoa nyimbo zake Spotify Januari 2022 kwa hasira ya habari za uongo kuhusu korona, lakini alizirudisha Machi 2024. Nunua bando ya kutosha. Zile za dakika kumi hazikati katikati vizuri.