Pareto na Kwinini: Mimea Miwili, Adui Mmoja

Sisi wa Mabanga twaishi juu ya mawe meusi ya volkano, wala mashamba makubwa hatunayo. Lakini malaria twaijua sana, na milima ya Kivu imeotesha mimea miwili iliyopigana nayo. Yafaa tuilinganishe.

Wa kwanza ni pareto, mmea mfupi wa jamaa moja na alizeti. Ua lake jeupe lenye moyo wa manjano laonekana kuwa moja, kumbe ni vijiua vingi vilivyokusanyika. Sumu imo katika ua lenyewe: likikaushwa na kusagwa huua mbu na wadudu wengine. Wa pili ni kwinini, mti wa jamaa moja na kahawa. Vijiua vyake vyanukia vizuri, lakini dawa haimo humo. Imo katika ganda la mti, nalo ni chungu kweli kweli.

Yote miwili ilitoka mbali. Pareto ni ya Dalmatia, kwenye pwani ya Ulaya. Kwinini ni ya milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Mapadri Wayesuiti walieneza ganda lake Ulaya. Mwaka 1820, huko Paris, Pelletier na Caventou waliitenga dawa iliyomo. Watu wakapona, wala hawakujua ni nani anayewaambukiza. Mwaka 1880 Laveran aliona vijidudu vya malaria katika damu. Mwaka 1897 Ross alivikuta ndani ya mbu. Ndipo ilipofahamika kwamba adui huyu hupigwa mahali pawili: pareto yamzuia nyumbani, kwinini yamfuata katika damu.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Java ilitoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia, na Japani ilitoa pareto nyingi. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, nchi zilizopigana nao zilikosa vyote viwili. Zikageukia Afrika, na mashamba ya Kivu yakapata soko.

Lakini mkulima hakuilima mimea hii kwa namna moja. Pareto huchumwa kwa mkono, na fedha yake haikawii. Kwinini yataka miaka saba au zaidi kabla ganda halijabanduliwa. Asiye na hakika ya ardhi yake, au aliyefukuzwa na vita kama wengi wa Masisi na Rutshuru, atapandaje mti wa kungojwa hivyo? Basi kwinini ilikaa zaidi katika mashamba makubwa, hasa upande wa Bukavu.

Siku hizi dawa nyingine zimeshika nafasi ya mbele, na dawa inayotiwa katika vyandarua ilibuniwa kwa mfano wa pareto. Hata hivyo, fundisho la mimea hii halijachakaa. Mwenye chandarua asikawie kwenda zahanati homa ikimshika. Naye aliyepona kwa vidonge asilale nje ya chandarua. Kufunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi ni kumkaribisha mwizi.