Plastiki inayohimili kemikali na hatari ya kuichanganya na nafaka Kitui na Makueni

Katika maduka ya pembejeo ya Wote, Kibwezi, Mwingi na Mutomo, plastiki za aina mbili huuzwa juu ya kaunta moja. Ya kwanza ni pakiti ya dawa ya kuua wadudu wanaoshambulia maembe, ndengu na mahindi. Ya pili ni mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa. Kwa macho ya mnunuzi zote ni nailoni tu. Hata hivyo, moja imeundwa ili sumu isitoke na nyingine ili hewa isiingie, na hakuna inayoweza kuifanya kazi ya mwenzake.

Jambo hili si dogo katika sehemu hiyo ya Ukambani. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu. Wengi wao walitoka Makueni na Kitui, ambazo wakati huo zilikuwa wilaya za Mkoa wa Mashariki. Tangu hapo swali la chombo gani kihifadhi chakula, na kipi kisikikaribie kabisa, limekuwa suala la uhai.

Watu wengi hudhani kuwa plastiki ni ukuta. Ukweli ni kwamba kila plastiki hupitisha kitu fulani na kuzuia kingine. Polithini, ambayo ndiyo plastiki ya kawaida zaidi, huzuia maji vizuri na haidhuriwi na asidi nyingi. Lakini ina asili moja na mafuta ya petroli, na vitu vya jamii moja huelewana. Ukiijaza zailini, kiyeyushi kinachotokana na petroli, polithini hukinywa polepole, huvimba, hulegea, na hatimaye kiyeyushi hujitokeza upande wa pili kama mvuke bila tundu lolote kuonekana.

Viyeyushi vya jamii hiyo vimo katika dawa nyingi za maji, hasa zile ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zinapotiwa kwenye bomba la kunyunyizia. Kiyeyushi kikipenya ukuta wa chupa, chupa hubonyea mbavu, nayo dawa iliyobaki huwa si ile iliyoandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo, dawa nyingi za aina hiyo huuzwa katika chupa maalumu, ilhali pakiti laini huachiwa zaidi dawa za unga na za chembechembe.

Mbuni wa pakiti laini hategemei plastiki moja. Huzipanga kwa matabaka, na kila tabaka hupewa wajibu wake. La nje mara nyingi ni poliesta, ambayo ni ngumu na hukubali maandishi. La kati huwa karatasi ya alumini isiyofikia unene wa sehemu moja ya mia ya milimita, na hiyo huzuia unyevu, mwanga na mvuke. La ndani ni polithini, kwa sababu huyeyuka upesi kwa joto na kuufunga mdomo wa pakiti. Nailoni halisi, si ile tunayoita nailoni mitaani, huongezwa pale ambapo kiyeyushi cha jamii ya petroli kinahofiwa, kwani yenyewe hukizuia. Udhaifu wake ni kwamba hunywa maji, na ndiyo maana hufichwa katikati.

Pakiti nyingi huharibikia kwenye gundi inayounganisha matabaka hayo. Kiyeyushi kikishapenya polithini ya ndani huifikia gundi, matabaka yakaachana, na mshono ukafunguka hata kama alumini ni nzima. Alumini nayo hupasuka vitundu visivyoonekana pakiti ikikunjwa mara kwa mara. Kadhalika, unga kidogo ukibaki kwenye mdomo wakati wa kuziba, mshono hauwi imara. Ili kuyagundua hayo mapema, viwanda hupima dawa ikiwa ndani ya pakiti yake. Jaribio linalotumika sana huiweka kwenye joto la nyuzi 54 kwa siku 14, kuiga muda mrefu wa kukaa dukani. Mwenye duka la mabati huko nyanda za chini za Kitui ataelewa kwa nini joto hilo lilichaguliwa.

Upo pia ubunifu wa kinyume, nao unapendeza: kifuko cha polivinili alkoholi kinachostahimili viyeyushi vingi vya mafuta lakini huyeyuka kikitumbukizwa majini. Mkulima hukitia kizima ndani ya tangi bila kugusa dawa. Sharti ni moja tu, kisishikwe kwa mikono yenye maji.

Kazi yote hiyo huharibiwa muuzaji anapoifungua dawa na kuipima kwa vijiko ndani ya karatasi, au kuimimina katika chupa ya soda. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu ya mwaka 1982 inataka dawa iuzwe ikiwa imesajiliwa, imefungwa na kuwekwa lebo inavyotakiwa. Chupa ya soda yaweza kustahimili baadhi ya viyeyushi kuliko mfuko wa polithini, lakini haimwambii mtoto mwenye kiu kilichomo. Aidha, plastiki iliyokwisha kunywa dawa haisafishiki kwa sabuni. Sumu iliyozama ndani ya ukuta wake hurudi kidogo kidogo katika kitakachowekwa humo, hasa kikiwa chakula chenye mafuta. Chupa ya dawa husuuzwa mara tatu, maji yakarudishwa kwenye bomba, kisha hutobolewa isitumike tena. Pakiti laini haisuuziki vyema, hivyo haifai kuwekewa mbegu wala chumvi.

Kwa upande wa nafaka, mfuko unaofahamika zaidi ulitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, ulioanzia kwenye kunde za Cameroon katika miaka ya 1980. Ni mifuko miwili ya polithini, kila mmoja wenye unene wa maikromita 80, ndani ya gunia la kawaida lililofumwa. Wadudu waliomo huimaliza oksijeni, huacha kula na kufa. Hapahitajiki dawa yoyote. Mpinzani wake mkubwa ni dumuzi, mdudu aliyeonekana Taveta mwaka 1983 na ambaye wakulima wengi wamembandika jina la Osama. Meno yake hutoboa polithini, na tundu likishapatikana hewa hurudi.

Mfuko huo hauondoi aflatoksini iliyokwisha ingia, wala haukaushi mahindi. Ukifunga mahindi mabichi, unafunga unyevu pamoja nayo. Kiwango cha usalama ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo anaweza kutia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, akaitikisa kwa dakika chache na kuiacha itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi yarudishwe juani, yakiwa juu ya turubai wala si kwenye udongo. Ikianguka chini yote, mfuko wa ndani hukamuliwa hewa, hupindwa shingo na kufungwa kwa kamba, halafu wa pili vivyo hivyo.